Somo la Disketi Lisizikwe

Wako watu wenye elimu, na baadhi yao ni walimu wenzangu, wasemao kwamba kumfundisha mwanafunzi wa leo habari za disketi ni kumpotezea wakati. Disketi imekufa, husema, na kilichokufa huzikwa. Maneno haya hupendeza masikioni kwa kuwa ni mafupi na yana mzaha kidogo ndani yake. Mimi nayapinga. Nataka kukuonyesha, msomaji, kwamba pamoja na disketi tunazika jambo jingine ambalo bado li hai, na kwamba wanaolipa gharama ya maziko hayo si wale wayasemao maneno, bali ni watu kama wewe na ndugu zako.

Gharama hiyo niliiona kwa macho yangu katika kisiwa cha Remba. Kama hukijui, Remba ni kisiwa kidogo cha mawe katika Ziwa Viktoria, upande wa Kenya, katika kaunti ya Homa Bay. Nyumba zake za mabati zimebanana hata mpita njia hugusa ukuta huku na huku. Wavuvi wa humo ni Wakenya, Waganda na Watanzania, na Kiswahili ndicho kinachowawezesha kununua, kuuza, kugombana na kupatana. Kazi ni mbuta na omena. Hapana shamba la kutajika. Unga, kuni, mboga na sabuni huja kwa mashua. Katika vibanda vya kuchaji simu utakuta simu kumi, ishirini, zimepangwa juu ya ubao, na kila moja imebeba hesabu za mwenyewe, picha za watoto wake walioko bara, na siri zake.

Nilimkuta huko kijana mmoja aliyekuwa akivua kwa sehemu katika mashua ya mtu. Kila jioni, tajiri wake aliandika katika daftari kilo za samaki, fungu la kila mvuvi, na fedha zilizokwisha kuchukuliwa mbele. Kijana huyu alikuwa mwangalifu. Hakusubiri kudhulumiwa ndipo atafute ushahidi. Kila jioni aliupiga picha ukurasa wa siku ile kwa simu yake. Daftari likaja likaloa katika dhoruba, wino ukasambaa, na kurasa za msimu mzima zikawa buluu tupu. Ushahidi uliosalia duniani ukawa ni zile picha ndani ya memori kadi yake, kadi ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Siku moja simu ikamwambia kwamba kadi haisomeki, ikamwuliza kama anataka kuifomati. Alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha fundi. Fundi akamwambia abonyeze Ndiyo. Akabonyeza. Kadi ikafunguka vizuri, nyeupe kama ubao wa asubuhi. Fundi, kwa wema wake, akaijaribu kwa kuijaza nyimbo.

"Simu iliniuliza swali, mwalimu," aliniambia, "nami nikaikubalia bila kujua inaniuliza nini."

Alidhani kwamba mimi, kwa kuwa ni mwalimu, nitaweza kuzirudisha picha zile. Sikuweza. Alilipwa kwa kadiri ya alivyokumbuka tajiri, na kumbukumbu ya mdaiwa ina mapungufu yake.

Jambo lililoniuma zaidi nalisema sasa. Kijana huyu hakuwa mjinga. Alikuwa amesoma hata kidato cha nne, tena alikuwa amesoma somo la kompyuta. Nilipomwuliza maana ya kufomati, alinijibu papo hapo, neno kwa neno, kama alivyoliandika katika daftari lake la shule: kufomati ni kuitayarisha diski ili iweze kupokea data. Jibu hilo lilimpatia alama katika mtihani. Halikumwambia kwamba simu yake ilikuwa ikimwuliza kama anakubali kupoteza msimu mzima wa jasho lake. Sasa niambie, msomaji, nani alikosa hapa? Fundi simlaumu sana, wala tajiri simlaumu kwa jambo hili. Namlaumu yule aliyemfundisha maneno na kumnyima kazi ya mikono. Nami, kwa kuwa ni mwalimu, nimo katika lawama hiyo.

Zamani kazi hiyo haikuepukika. Disketi za kwanza zilitolewa na IBM mwaka 1971, pana za inchi 8. Kompyuta ndogo ya IBM ilipotoka mwaka 1981 ilitumia za inchi 5 na robo, laini, za kukunjika ukizishika vibaya. Na baadaye zikatawala za inchi 3 na nusu, zenye gamba gumu na mlango wa bati. Aghalabu mnunuzi aliziuziwa zikiwa tupu kabisa. Nasema tupu kwa maana ambayo vijana wa leo hawaijui. Humo ndani palikuwa na duara la plastiki lililopakwa unga wa sumaku, basi. Kompyuta haikuweza kuandika hata herufi moja juu yake mpaka mwenyewe aketi mbele ya mashine, aandike amri ya FORMAT, aitaje diski anayoitaka, na angoje.

Mfano wake uko Remba hapo hapo. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, ambavyo kanuni za uvuvi za Kenya za mwaka 2007 ziliviweka katika sheria, hutakiwa kutunza habari za mashua na samaki wanaoletwa ufukweni. Karani akinunua daftari dukani, daftari hilo si rejesta bado. Hana budi kupiga mistari: safu ya tarehe, safu ya namba ya mashua, safu ya aina ya samaki, safu ya uzani. Tena huacha kurasa za mwanzo kwa orodha, ili apate kujua jambo gani liko ukurasa upi. Kufomati ni kazi ya karani huyo. Na kama karani mpumbavu akichukua rejesta iliyokwisha kujaa, akaifuta ili apige mistari mipya, umeona basi kufomati kunavyoweza kuwa msiba.

Chukua disketi ya inchi 3 na nusu, ile ya kawaida, tuihesabu pamoja. Katika kila upande mashine hupiga njia 80 za duara, moja ndani ya nyingine. Kila njia huikata vipande 18, viitwavyo sekta, na kila sekta hupokea baiti 512. Baiti moja yatosha herufi moja. Pande 2 mara njia 80 mara sekta 18 ni sekta 2,880. Zidisha kwa 512, utapata baiti 1,474,560. Juu ya kasha waliandika megabaiti 1.44. Ukigawanya kwa milioni moja hupati 1.44; ukigawanya kwa 1,048,576, ambacho ndicho kipimo cha wajuzi wa kompyuta, hupati vilevile. Namba hiyo huja tu ukigawanya kwanza kwa 1,024 kisha kwa 1,000, yaani ukichanganya vipimo viwili kama muuza omena anayeanza kupima kwa gorogoro na kumalizia kwa kikombe. Nimewapa wanafunzi hesabu hii, na kwa mara ya kwanza waliona kwamba namba iliyochapwa dukani inaweza kuhojiwa.

Hesabu haijaisha. Mashine ikimaliza kufomati ilitangaza nafasi iliyopo: baiti 1,457,664. Zimepungua 16,896. Zimekwenda wapi? Gawanya kwa 512, utapata sekta 33 kamili. Moja ni ya kuanzia, yenye kueleza disketi hii ni ya namna gani. Nyingine 14 ni orodha ya majina ya mafaili, ambayo haipokei majina zaidi ya 224. Zilizobaki 18 ni jedwali lionyeshalo sekta ipi inashikwa na faili lipi, na jedwali hilo limeandikwa mara mbili, sekta tisa na tisa. Waliounda mpango huu walijua kwamba jedwali likiharibika, habari zote hupotea njia, ingawa zenyewe zingali pale pale. Kwa hiyo wakaweka nakala. Makosa yao ni kwamba waliziweka nakala hizo jirani, kama mvuvi atiaye taa mbili katika mashua moja: mashua ikizama, zimezama zote.

Mwanafunzi aliyeyaona haya kwa mkono wake hawezi tena kudhani kwamba kumbukumbu ya mashine ni kitu cha asili kama mawe ya Remba. Ameona kwamba kuna mistari, kuna orodha, na kuna mtu aliyezipanga. Amesikia mashine ikikwaruza njia moja baada ya nyingine kwa muda wa dakika moja na nusu hivi, na ameiona ikikataa disketi nzima kwa sababu njia ya kwanza, ile ya namba sifuri, imeharibika, ingawa nyingine zote ni nzima. Na zaidi ya yote, ameulizwa. Mashine ilimtaka aweke disketi, kisha abonyeze kitufe akiwa tayari. Hapo ndipo mtu alijifunza kusita. Alitoa disketi, akasoma karatasi iliyobandikwa juu yake, akatazama kile kidude cha pembeni kinachozuia kuandika, ndipo akairudisha.

Mimi sikusita siku moja, nami nalikumbuka jambo hilo mpaka leo. Nilikuwa kidato cha tatu. Mezani palikuwa na disketi mbili nyeusi, moja yangu na nyingine ya mwenzangu, yenye kazi yake ya wiki sita. Hazikuwa na karatasi juu. Nilitia moja, nikaandika amri, nikabonyeza, nikaenda kunywa maji. Niliporudi mwenzangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, hasemi neno. Katika mashine ile ya kale, kufomati disketi kulikuwa ni kuiandika upya kila sekta, na hapakuwa na kurudi. Nilimsaidia kuiandika kazi ile tena kwa usiku kadhaa, na tangu hapo sijabonyeza Ndiyo bila kusoma. Funzo hilo nililipata kwa aibu ya wiki mbili. Kijana wa Remba alilipata kwa msimu.

Wala si mimi peke yangu niliyekosea hivyo. Katika matoleo ya mwanzo ya DOS, mtu aliyeandika FORMAT bila kutaja diski aliifomati ile aliyokuwa akiifanyia kazi wakati ule, na wako waliopoteza diski kuu ya mashine kwa njia hiyo. Baadaye watengenezaji wakalazimisha diski itajwe. Mwaka 1991 wakatoa DOS ya 5, wakatia ndani yake amri ya UNFORMAT, ambayo iliweza mara nyingi kurudisha kilichofutwa kwa bahati mbaya, ilimradi mtu hajaandika kitu kingine juu yake.

Shikilia maneno hayo ya mwisho, maana ndani yake mna msiba wa kijana wetu. Kufomati kwa haraka, namna inayotumika sana leo, hakufuti habari zenyewe. Hufuta orodha na jedwali tu, kama kuchana kurasa za mwanzo za rejesta na kuziacha nyingine. Kurasa za kijana yule, picha za hesabu yake, yamkini zilikuwa zingali ndani ya kadi baada ya kubonyeza Ndiyo. Kama angeitoa kadi saa ile ile na kuipeleka kwa mtu mwenye programu ya kufufua mafaili, pengine zingepatikana. Zilizoziua ni nyimbo. Kila wimbo ulioingia ulilala juu ya ukurasa mmoja wa haki yake. Na hakuna hata mtu mmoja pale kibandani aliyejua, wala fundi, wala mwenye kadi aliyekariri maana ya kufomati.

Sasa nawageukia wapinzani wangu. Wasemao disketi imekufa wana ukweli wao: Sony, aliyekuwa mtengenezaji mkubwa, aliacha kuzitengeneza mwaka 2011. Lakini mwili ukifa, mpango wake haukufa. Memori kadi za simu na flashi za kuning'iniza shingoni hupangwa hata leo kwa mipango ya ukoo ule ule: sekta ya kuanzia, jedwali, orodha, kisha habari. Majina yameongezwa namba na herufi tu. Na hata mwili wenyewe haukufa upesi kama wanavyodhani. Majeshi ya Marekani yaliacha disketi za inchi 8 katika mitambo ya kuendeshea silaha za nyuklia mwaka 2019, na serikali ya Japani ilimaliza kuziondoa katika kanuni zake mwaka 2024. Mtu asiwe na haraka ya kuchimba kaburi.

Wasemao kwamba watengenezaji hutuuzia vitu vilivyokwisha kuandaliwa, kwa hiyo hatuna haja ya kujua, hao ndio nabishana nao hasa. Ni kweli, baadaye disketi zilianza kuuzwa zikiwa zimefomatiwa tayari, na ilikuwa raha. Walakini raha hiyo ndiyo iliyotuondolea somo. Mtu aliacha kuandaa, akasahau kwamba kuna kuandaliwa. Na sasa swali la kufomati humjia siku ya taabu tu, siku kadi imegoma, wakati hana utulivu wa kufikiri. Tumemnyima mazoezi siku za amani, kisha tunashangaa anaposhindwa siku ya vita.

Wengine husema habari zote siku hizi huwekwa katika mtandao. Wakae Remba mwezi mmoja, wanunue wenyewe bando za kupandishia picha kila jioni, ndipo turudi mezani. Tena huo mtandao si hewa. Ni diski za mtu mwingine, katika nyumba ya mtu mwingine, nazo zilifomatiwa na mtu anayejua kazi yake.

Na wako wasemao kwamba shule zetu hazina mashine za kale. Hili ndilo neno la haki peke yake, nami nalijibu kwa haki. Shule ikiwa na kompyuta kongwe katika stoo, itolewe, ifutwe vumbi. Ikiwa haina, flashi kuukuu moja isiyo na kitu yatosha kwa darasa zima. Mwalimu aifungue mbele ya wanafunzi. Awaonyeshe mahali palipoandikwa aina ya mpango. Awaonyeshe ile alama ya kufomati kwa haraka, na awaambie kwamba ikiondolewa, kompyuta za Windows tangu toleo la Vista huandika sifuri kila mahali, na hapo hata mfufuaji mafaili hana la kufufua. Kisha atie faili moja, alifute, alifufue. Kisha alifute tena, ajaze nyimbo juu yake, ajaribu kulifufua mara ya pili. Somo zima halifiki saa mbili.

Wakati wangu tulikuwa na sababu ya kujali. Karatasi ya vitendo ya somo la kompyuta katika mtihani wa KCSE, enzi za disketi, ilimwagiza mtahiniwa aandike jina na nambari yake juu ya disketi, asitie neno la siri, ahifadhi majibu yake yote humo, na akabidhi disketi pamoja na karatasi alizochapa. Baadaye disketi zikawa sidii, na agizo likabaki lile lile. Lione jambo hili: mtahini hakuridhika na kitu kimoja. Alitaka disketi, tena alitaka karatasi. Alijua kwamba sumaku huharibika, na moto huunguza, na kwamba vyote viwili haviharibiki kwa sababu moja kwa urahisi. Laiti kijana yule angaliandika hesabu yake kwa kalamu pia, katika karatasi iliyokaa kwa mama yake bara.

Basi, msomaji, wewe uliye darasani sasa, usikubali kupewa maana ya neno na kuambiwa kwamba umelijua. Mwendee mwalimu wako, kwa adabu, umwombe somo la kufomati kwa mkono. Nenda na flashi yako tupu ili asipate udhuru. Akikujibu kwamba jambo hilo halitakuwamo katika mtihani, mwulize kadi ya simu yake mwenyewe imepangwa kwa mpango gani, na nakala ya pili ya picha za watoto wake iko wapi.